Jibu la mtaalamu: Kitenzi cha Kihispania "quedar" kwa anayesema "kukaa" na "kubaki"

"Shikamoo Mwalimu. Ninaongoza wageni hapa Kilwa Masoko, tunavuka nao kwenda Kisiwani kutazama magofu. Kiingereza ninakimudu, na kwa kuwa tunapata pia wageni wanaozungumza Kihispania, nimekuwa nikijifunza lugha hiyo kwa programu ya simu. Kitenzi kinachonisumbua ni 'quedar'. Programu inasema maana yake ni kubaki. Lakini jioni moja mgeni aliniambia 'quedamos a las ocho en el muelle'. Nikafahamu kwamba yeye na wenzake watabaki gatini mpaka saa mbili usiku, nikawaaga nikaenda nyumbani, kumbe kulipokucha walikuwa pale wananisubiri. Mama mmoja alishika kinyago akasema 'me quedo con este', nikamweleza kwamba hawezi kubaki nacho kabla hajalipa, wenzake wakaangua kicheko. Mwingine aliuliza '¿queda lejos la mezquita?', nikashindwa kuelewa msikiti unabakije mbali. Je, hiki ni kitenzi kimoja au ni vitenzi vingi vinavyoandikwa sawa? Na nitajuaje wapi niseme 'quedar' na wapi 'quedarse'?"

Marahaba, na pole kwa yaliyokukuta. Nikikuelewa vizuri, wasiwasi wako una sehemu mbili. Ya kwanza ni kwamba neno moja linaonekana kubeba maana zisizohusiana, na unahofia kwamba itakubidi uzikariri moja baada ya nyingine. Ya pili ni kwamba hujui ile "se" ya mwishoni inafanya kazi gani. Nikutoe hofu mapema: hiki ni kitenzi kimoja, na wewe uliyekua na Kiswahili una njia fupi zaidi ya kukifikia kuliko mtu anayepitia Kiingereza. Kilichokukwaza ni huko kuzunguka. Programu nyingi za simu zimetungwa kwa ajili ya wasemaji wa Kiingereza, kwa hiyo unachopewa ni tafsiri ya tafsiri. Kiingereza kina neno lake kwa mtu anayebaki mahali, lake kwa pesa zilizosalia, lake kwa nguo iliyomfaa mtu na lake kwa watu waliopatana, na mwanafunzi anayetazama kutoka huko huona maana zimetawanyika kila upande. Kiswahili hakijazitawanya kiasi hicho.

Kitenzi hiki kimetokana na "quietare" ya Kilatini, yaani kutuliza, na hadi leo Kihispania kina neno "quedo" lenye maana ya utulivu au sauti ya chini. Ukiishika asili hiyo, sehemu kubwa ya matumizi yake hujipanga yenyewe, kwa sababu "quedar" huelezea jinsi mambo yalivyo baada ya pilika kutulia. Pilika hizo zinaweza kuwa mwendo, na mtu akiacha kwenda anakuwa pale alipo. Zinaweza kuwa matumizi ya fedha, na kinachoelezwa ni kilichosalia mfukoni. Zinaweza kuwa mazungumzo, na kinachoelezwa ni lile walilokubaliana wahusika. Zinaweza kuwa tukio kama moto au vita, na kinachoelezwa ni hali ambayo mtu au kitu kimeachwa nayo. Hata mpira una nafasi yake humo, kwa maana Mhispania anayetaka kujua matokeo huuliza "¿cómo quedó el partido?", mechi iliishaje.

Sasa kitazame kitenzi chetu "kukaa". Tunasema fulani anakaa Masoko, tunamwambia mtoto akae hapa, tunasema shati limemkaa vizuri, na tukikutana na shauri gumu tunauliza limekaaje. Hakuna mwalimu aliyewahi kukufundisha kwamba hivyo ni vitenzi vinne. Ongeza "kubaki": zimebaki shilingi elfu mbili, alibaki mjane, akabaki mdomo wazi, mji ukabaki magofu. Kihispania kinasema "quedan dos mil chelines", "quedó viuda", "se quedó con la boca abierta", "la ciudad quedó en ruinas", na hiyo ya mwisho ni sentensi ambayo kwa kazi yako utaihitaji karibu kila wiki. "Quedar" kimekalia eneo la "kukaa" na la "kubaki" kwa pamoja, kisha kikavuka mipaka yao mahali pachache. Bahati mbaya mbili kati ya sentensi zako tatu zimetoka huko ng'ambo ya mipaka, na ndiyo maana "kubaki" peke yake haikukufikisha.

Tuanze na gati. Uliambiwa "quedamos a las ocho en el muelle". Kama mgeni angetaka kusema kwamba watabaki pale mpaka saa fulani, angesema "nos quedamos en el muelle hasta las ocho". Ziweke sentensi hizi mbili pamoja uzitazame polepole. Katika hii niliyoitunga mimi kuna "nos" kabla ya kitenzi, na kuna "hasta" kabla ya saa. Katika ile uliyoambiwa hakuna "nos", na kabla ya saa kuna "a" tu, inayoonyesha wakati wa jambo kutokea na si mwisho wake. Unapokuta watu ndio watendaji wa "quedar", pasipo "me", "te", "se" wala "nos", na kitenzi kinafuatiwa na saa au mahali, jua kwamba wanazungumzia miadi: mazungumzo ya kupanga yametulia kwenye saa hiyo na mahali hapo. Alikuwa anakuambia mkutane gatini. Neno "hasta" lenyewe usilione geni, kwa kuwa linatokana na "hatta" ya Kiarabu kama ilivyo "hata" yetu, na Kiswahili cha wazee kilisema "tangu asubuhi hata jioni" kwa maana hiyohiyo ya mpaka.

Saa nayo ilikuwa na mtego wake, ambao bila shaka umeshauzoea katika Kiingereza: "las ocho" ni saa mbili, na msemaji hakutaja kama ni ya asubuhi au ya usiku, kwa sababu kwa mtu anayepanga jioni safari ya kuvuka kesho yake jambo hilo lilikuwa wazi. Dawa ya hapo ni ndogo na haina aibu yoyote, nayo ni kuirudia saa kwa sauti: "¿A las ocho de la mañana?" Wahispania wenyewe huulizana hivyo.

Umbo "quedamos" lina jambo jingine ambalo programu yako huenda haikulitaja. Kwa vitenzi vya kawaida vya kundi la "-ar", umbo la "sisi" la wakati uliopo na la wakati uliopita ni lilelile. Kwa hiyo "quedamos a las ocho" yaweza kuwa "tukutane saa mbili" na yaweza kuwa "tulipatana saa mbili", na anayeamua ni muktadha. Nchini Uhispania wanaotaka kuondoa utata husema "hemos quedado a las ocho", yaani tumeshapatana. Likiwa ni pendekezo linalosubiri jibu, sauti hupanda mwishoni, "¿quedamos a las ocho?", na wewe hujibu kwa kukubali au kutaja saa nyingine.

Kutoka hapo ni hatua fupi kufika kwenye "quedar en", kukubaliana jambo. "Quedamos en que tú traes el agua" ni kusema tulikubaliana kwamba wewe utaleta maji. Na mazungumzo ya bei yakizunguka hadi mtu achoke, utasikia "¿en qué quedamos?", sasa tumekubaliana lipi. Matumizi haya ya miadi yana nguvu zaidi Uhispania kuliko Amerika. Mtu wa Meksiko hupenda kusema "quedamos de vernos a las ocho", na wengi wa upande huo husema tu "nos vemos a las ocho", tutaonana saa mbili. Maoni yangu ni kwamba uyaelewe yote, lakini kwa sasa wewe mwenyewe useme "nos vemos", kwa kuwa linaeleweka kila mahali na halina pa kukunasa.

Yule mama wa kinyago alikuwa amekwisha kununua. Mtu aliyevitazama vinyago kadhaa, akavishika na kuvirudisha, hatimaye uamuzi wake ukatulia kwenye kimoja, husema "me quedo con este", nasi tungesema "nachukua hiki". Jibu lake ni bei: "Muy bien, son treinta mil chelines." Neno la kuangalia hapo ni "con", kwa sababu "quedarse con" ni kukifanya kitu kiwe chako au kuendelea kuwa nacho. Ndiyo hiyo utakayoisikia siku mgeni atakapokurudishia mkono wenye chenji na kukuambia "quédese con el cambio", yaani chenji baki nayo, na ingekuwa hasara kutoielewa. Kinyume chake ni "quedarse sin", kuishiwa. "Me he quedado sin batería" ni simu imeniishia chaji. "Nos hemos quedado sin gasolina" ni tumeishiwa mafuta, sentensi ambayo nakuombea usilazimike kuisema katikati ya maji na abiria wanakutazama.

Swali la msikiti ndilo jepesi. "¿Queda lejos la mezquita?" ni kuuliza kama msikiti uko mbali, na wewe waweza kujibu kwamba "la mezquita queda cerca, pero Husuni Kubwa queda más lejos", yaani msikiti uko karibu, lakini magofu ya Husuni Kubwa yako mbali zaidi. Hapa "queda" ni "uko" au "ipo" ya mahali pasipohama: majengo, miji, mitaa, fukwe. Haimhusu mtu wala kitu kinachobebeka. Huwezi kuuliza "¿dónde queda mi teléfono?" ukimaanisha simu yako iko wapi, na wala huwezi kuulizia hivyo aliko nahodha, hapo ni "está". Tena "está" inafaa hata kwa msikiti, kwa hiyo ukitaka kujipumzisha waweza kuitumia kila mahali na kuiacha "queda" kwa masikio tu.

Sasa nafika kwenye matumizi ambayo sentensi zako hazikuyagusa, lakini nayaona ndiyo yatakayokupa faida kubwa kuliko yote. Chukua sentensi ya kawaida ya Kiswahili: "zimenibakia shilingi elfu mbili." Ikate vipande. "Zi-" inazifuata shilingi, maana shilingi ndizo zilizobaki. "Ni" ni mimi, lakini mimi si mtendaji. Mimi ni yule ambaye jambo limemfika. Kihispania husema "me quedan dos mil chelines". "Me" ndiyo "ni" yako. Ile "n" ya mwisho wa "quedan" inafuata "chelines" kwa sababu ni nyingi, na kama ni tiketi moja tu iliyobaki, "n" inaondoka: "me queda un billete", imenibakia tiketi moja. Aliyebakiwa akiwa wewe inakuwa "te queda", kama vile "ku" yetu. Akiwa yeye ni "le queda", kama "m". Tukiwa sisi ni "nos queda", kama "tu". Wakiwa wao ni "les queda", kama "wa". Kipashio kinakaa kabla ya kitenzi huku na kule, kazi yake ni moja, na upatanisho unakifuata kitu kilichobaki.

Mwanafunzi anayepitia Kiingereza huteseka hapa kwa muda mrefu, kwa kuwa lugha hiyo humtaka aanze na "mimi ninazo", naye hujikuta akisema "yo quedo dos mil", sentensi ambayo Mhispania hataielewa. Wewe huna sababu ya kuteseka. Nakutahadharisha jambo moja tu: tunasema pia "nimebakiwa na shilingi elfu mbili", na ni Kiswahili safi, lakini usijenge sentensi yako ya Kihispania juu yake, kwa sababu ndani yake "mimi" amegeuzwa kuwa kiima na mpangilio utakuharibikia. Jenga juu ya "zimenibakia".

Muundo huo ndio unaobeba nguo. Shati limenikaa vizuri ni "la camisa me queda bien". Linanipwaya, "me queda grande". Viatu vinanibana, "los zapatos me quedan pequeños", na "n" imerudi kwa kuwa viatu ni viwili. Ndio unaobeba pia safari: mkiwa majini na mgeni akauliza "¿cuánto queda?", anataka kujua bado kiasi gani kufika, nawe unajibu "quedan diez minutos", au "nos quedan diez minutos" ukitaka kujihesabu pamoja naye. Na ukishaushika kwa "quedar" umeushika kwa vitenzi vingine kadhaa ambavyo vitabu huvitenga kana kwamba ni maajabu. Kichwa kinaniuma ni "me duele la cabeza". Miguu inaniuma ni "me duelen los pies". Yananipendeza magofu haya ni "me gustan estas ruinas". Mtoto yeyote wa Lindi anayelalamika kwamba tumbo linamuuma anatumia muundo ambao wanafunzi wa Ulaya huwekewa somo zima ili wauzoee.

Kuhusu "se", ambayo hugeuka "me", "te" au "nos" kwa kumfuata mtendaji, kosa la kuepuka ni kuifananisha na "-ji-" ya Kiswahili. Ni kweli kwamba katika vitenzi vingi "se" hufanya kazi kama "-ji-": "lavarse" ni kujiosha, "mirarse" ni kujitazama. Lakini "quedarse" si "kujibaki", na ukilazimisha tafsiri hiyo utapotea. Kilicho karibu nayo zaidi katika lugha yetu ni yale maneno "zangu", "zako", "zake" tunayoyaweka baada ya vitenzi vya kwenda na kukaa. Tunasema "naenda zangu", nao husema "me voy". Tunasema "nabaki zangu hapa", nao husema "me quedo aquí". "Zangu" hiyo haitaji mali. Inaonyesha kwamba mtu ameamua upande wake, amejitenga na mwendo wa wengine. Ulinganisho huu haufiki mwisho wa njia. Sisi tukiiacha "zangu" sentensi inabaki na maana yake, ila wao wakiiacha "se" maana inahama kabisa. "Quedo con Ana" ni nina miadi na Ana, nakutana naye. "Me quedo con Ana" ni nabaki na Ana, au, katika mazungumzo ya kuchagua, namchukua Ana.

Kwa hiyo ukiniuliza lini utumie ipi, nitakujibu kwa kumtazama mtendaji. Mtu anapobaki mahali, anapoamua kuchukua kitu au anapoishiwa na kitu, tumia "quedarse". Vitu vinaposalia, mahali panapokuwa mbali au karibu, nguo inapokaa mwilini na watu wanapopatana, tumia "quedar". Eneo lenye utata wa kweli ni mtu anapoingia katika hali fulani. Uhispania husema "se quedó dormido", akapitiwa na usingizi, na "se quedó sordo", akawa kiziwi; katika nchi nyingi za Amerika utasikia baadhi ya hali hizo bila "se", kwa mfano "quedó embarazada", alishika mimba, ambapo Mhispania wa Ulaya hupendelea "se quedó embarazada". Hapo usijisumbue. Hakuna mgeni atakayekushangaa ukitumia moja mahali pa nyingine, na mimi singekupunguzia alama.

Ningependa ujisumbue zaidi na matamshi. "Qu" hutamkwa "k", na "u" yake haisikiki. "D" iliyo kati ya irabu mbili hulainika ikawa kama "dh" ya dhahabu, kwa hiyo "quedamos" husikika karibu na "kedhamos", na "quedado" katika mazungumzo ya haraka ya Uhispania mara nyingi huishia kuwa "kedhao", ndiyo sababu huenda umeisikia mara nyingi bila kuitambua. Kubwa kuliko hilo ni mkazo. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, isipokuwa kwa maneno machache kama "barabara" yenye maana ya sawasawa, ambayo mkazo wake umesogea ikatofautiana na barabara tunayopita. Katika Kihispania tofauti ya namna hiyo inabeba mtendaji na wakati: "quedo", mkazo ukiwa mwanzoni, ni mimi na ni sasa, "quedó", mkazo ukiwa mwishoni, ni yeye na ni wakati uliopita. Ulimi wetu hupenda kuyatamka yote mawili kama lile la kwanza. Ukimweleza mgeni kwamba mji "quedó en ruinas" na ukaurudisha mkazo mwanzoni, atakuwa amesikia neno jingine. Alama ile iliyo juu ya "o" ndiyo inayokuonyesha pa kukaza.

Ujifunzeje basi? Unaweza kukariri orodha ya maana. Kamusi ya Real Academia Española, taasisi ya lugha ya Kihispania iliyoanzishwa mwaka 1713, inasomwa bure kwenye intaneti, nayo ina maana nyingi za kitenzi hiki zilizopangwa kwa namba. Ni kamusi ya kuaminika, lakini kwa mwanafunzi wa kiwango chako kuisoma yote ni kujichosha. Itumie siku umekutana na sentensi isiyoingia popote kati ya nilizoeleza. Unaweza pia kukikwepa kitenzi hiki, na simlaumu anayefanya hivyo kwa muda: "está" kwa mahali, "nos vemos" kwa miadi, "compro este" kwa kununua, na mambo yataenda. Hasara yake ni kwamba utasema bila tatizo na bado hutaelewa unachoambiwa, na kazi ya kuongoza wageni ni kusikia zaidi ya kusema. Njia ninayokupendekezea ni ya tatu, kuandika katika daftari sentensi nzima za kazi yako, Kihispania upande mmoja na Kiswahili upande wa pili, pasipo Kiingereza katikati. Usiandike "quedar ni kubaki". Andika "la camisa me queda grande, shati linanipwaya". Andika "me quedo con este, nachukua hiki". Sentensi kama hizo kumi na tano, zinazohusu boti, chenji, bei na njia ya kwenda Husuni Kubwa, zitakufaa kuliko kurasa za sarufi. Programu ya simu endelea nayo kwa ajili ya msamiati, lakini kwa kitenzi hiki usiifanye kuwa mwalimu wako.

Yapo mambo ambayo maandishi yangu hayawezi kukufanyia. La kwanza ni sikio. Kama baada ya mazoezi bado husikii tofauti ya "quedo" na "quedó", tafuta mtu akutamkie ana kwa ana. Mgeni mwenye subira mkiwa mnavuka anatosha, na wengi hufurahi kuombwa; vilevile padri au mtawa aliyewahi kuishi katika nchi ya Kihispania, kama yupo karibu nawe. La pili ni cheti. Ukifika mahali ambapo mwajiri anataka uthibitisho, mtihani unaotambulika ni DELE wa Instituto Cervantes, taasisi ya Uhispania inayoeneza lugha ya Kihispania, wenye ngazi kuanzia A1 hadi C2, na kabla ya kuulipia ni vyema upate mwalimu wa kukutayarisha hasa katika kuzungumza, kwa sababu sehemu hiyo haiandaliwi kwa kusoma peke yako.

La tatu ni maandishi ya biashara. Wakala wa safari akikuandikia "quedo a la espera de su respuesta", usidhani kwamba anabaki mahali popote. Hiyo ni heshima ya kumalizia barua, kusema nasubiri jibu lako, na "quedo a su disposición" ni nipo tayari kukuhudumia. "Queda prohibido" kwenye tangazo ni marufuku. Hayo waweza kuyajibu mwenyewe. Lakini ukiona "quedamos en que" au "queda acordado" ikifuatwa na fedha, malipo ya awali, au masharti ya kurudisha pesa safari ikiahirishwa, hapo kinachoandikwa ni makubaliano ambayo wahusika wanayachukulia kuwa yamekwisha kufungwa, na ukinyamaza unaweza kuhesabiwa kuwa umekubali. Barua ya namna hiyo mpe mtu anayekijua Kihispania vizuri aisome pamoja nawe kabla hujajibu, au mwombe wakala aiandike upya kwa Kiingereza unachokimudu.